Takwimu Zisizorudi Zahanatini

Mwisho wa mwezi unapowadia, katika zahanati za Wilaya ya Muheza, kuanzia Kigombe kandoni mwa bahari hadi Zirai juu milimani, kazi ya tiba hupisha kazi ya hesabu. Muuguzi huvitoa kabatini vitabu vya MTUHA: Kitabu Na. 5 cha wagonjwa wa nje, Na. 6 cha wajawazito, Na. 7 cha watoto, Na. 12 cha waliojifungua, pamoja na vingine vinavyofuatana navyo. Huvipitia mstari kwa mstari, akichora vijiti vitano vitano kwenye fomu ya majumuisho: waliougua malaria wenye umri chini ya miaka mitano, waliougua malaria wenye umri wa miaka mitano na zaidi, waliohara, waliokohoa, waliopewa rufaa. Akiingia mama mwenye uchungu, kalamu huwekwa chini, na hesabu humaliziwa usiku kwa mwanga wa taa ya sola au wa simu. Fomu ikikamilika hupelekwa wilayani. Huko huingizwa kwenye kompyuta, na kutoka hapo tarakimu zile hufika mkoani, wizarani Dodoma, na hatimaye katika taarifa za mashirika ya kimataifa huko Geneva. Muuguzi hurudisha vitabu kabatini. Mara nyingi hakuna kitakachomrudia, isipokuwa simu ya kuulizwa kama fomu ya mwezi unaofuata imechelewa.

Historia ya teknolojia ya habari nchini Tanzania husimuliwa kwa kawaida kama historia ya vyombo: kompyuta ya kwanza iliwasili lini, simu ya mkononi ilianza mwaka gani, mkongo wa baharini ulitua wapi. Ni masimulizi yenye faida, lakini hayatoshi kupima mafanikio. Mfumo wa habari, uwe wa karatasi au wa umeme, hauna budi kupimwa pia kwa kile anachopata yule aliyeitoa habari, na kwa wakati anaoupata. Kwa kipimo hicho, sekta ya afya imepiga hatua kubwa katika kuzipandisha takwimu na hatua ndogo mno katika kuzishusha. Muheza inafaa kuwa mfano wa jambo hilo, kwa kuwa elimu ya kukusanya na kusambaza habari ilifika huko mapema.

Katika miaka ya 1890, wakati sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikuwa haijaona mashine ya chapa, misheni ya Kianglikana ya Magila, mwendo mfupi kutoka mji wa Muheza wa leo, ilikuwa ikitoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Habari za Mwezi. Reli kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, na pamoja nayo ikaja njia ya haraka ya barua na vifurushi. Gazeti lilikuwa teknolojia ya habari ya zama hizo. Ingawa lilikuwa la misheni na lilikuwa na malengo yake ya kidini, lilikuwa na sifa ambayo fomu ya majumuisho haina: liliandikwa ili lisomwe na watu wa mahali palepale habari zilipotoka, tena kwa lugha yao.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo huko Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki. Amani ilikuwa, kwa maana halisi ya neno, ghala la habari. Ilikuwa na maktaba, mimea iliyokaushwa na kubandikwa majina, na bustani za majaribio ambamo ulipandwa pia mkwinini, mti uliotoa dawa ya malaria iliyotegemewa ulimwenguni kote kwa wakati huo. Kila jani liliandikiwa mahali lilipochumwa na tarehe. Lakini habari zile zilikusanywa kwa ajili ya wenye mashamba makubwa na kwa ajili ya Berlin. Mkulima wa Kibondei aliyewaelekeza watafiti mahali mti fulani unapoota, na akawatajia jina lake, hakuwa miongoni mwa wasomaji waliokusudiwa.

Malaria iliirudisha Muheza katika ramani ya sayansi kwa namna nyingine. Mwaka 1949 kiliundwa Muheza kitengo cha malaria cha Afrika Mashariki, ambacho baada ya muda mfupi kilihamia katika majengo ya Amani chini ya uongozi wa Daktari Bagster Wilson, mtu aliyekuwa ameichunguza malaria ya maeneo ya Tanga tangu miaka ya 1930. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kituo hicho kikawa sehemu ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na shughuli zake nyingi baadaye zikashuka kutoka mlimani hadi Ubwari, mjini Muheza. Kwa miongo mingi mbu wa Muheza wamehesabiwa, damu za watoto wa Muheza zimepimwa, na vyandarua vya Muheza vimechunguzwa tundu kwa tundu. Wilaya chache za bara hili zimeandikwa kiasi hicho katika majarida ya tiba. Ni jambo la kujiuliza ni wangapi kati ya waliotoa damu ile wamewahi kuambiwa, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kilichogunduliwa ndani yake.

Kompyuta yenyewe ilikuja nchini kwa njia ya fedha, si ya tiba. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni, na hayo yalitokea katika miaka ileile ambayo Zanzibar ilianza kutangaza televisheni ya rangi. Marufuku ile hutajwa siku hizi kwa kicheko, kana kwamba walioitoa waliogopa maendeleo. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Nchi ilikuwa na fedha kidogo za kigeni, mashine zilikuwa ghali, wataalamu walikuwa wa kuazimwa, na swali lililoulizwa, yaani mashine hizi zinamfaa nani na kwa gharama gani, lilikuwa swali halali kabisa. Kosa lilikuwa katika jibu, kwa sababu mlango uliofungwa kwa mashine ulifungwa pia kwa vijana ambao wangejifunza kuzitengeneza na kuziamuru. Masharti yalipoanza kulegezwa katika miaka ya 1980, na simu za mkononi zilipoanza mwaka 1994, swali lile la awali lilisahauliwa pamoja na marufuku yake. Wasanifu wa lugha wakati huo walikuwa wakibishana kama chombo kiitwe ngamizi au tarakilishi. Wananchi wakaamua kukiita kompyuta na kuendelea na shughuli zao.

Ndipo ukaja MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioanza kusambazwa nchini katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Ni haki kuusifu. Kabla yake kila mradi ulikuwa na fomu zake: wa kifua kikuu zake, wa chanjo zake, wa uzazi wa mpango zake. MTUHA ulileta vitabu vya aina moja kwa nchi nzima, vilivyoandikwa kwa Kiswahili, na ulikuja na wazo zuri kwamba takwimu zitumike kwanza pale zinapokusanywa. Kituo kilitakiwa kujumlisha, kuchora michoro yake, kuibandika ukutani, na kupanga kazi kwa kuitazama. Fomu ya kwenda juu ilipaswa kuwa nakala ya kile ambacho kituo kimekwisha kukitumia.

Wazo hilohilo liliibuka kwa nguvu zaidi nchini Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka 1994. Huko, wanaharakati wa afya ya jamii walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Western Cape na kile cha Oslo walianza kutengeneza programu ya kompyuta kwa ajili ya wilaya, kwa imani kwamba wilaya ndiyo inayopaswa kuzimiliki takwimu zake. Programu hiyo, ambayo toleo lake la baadaye ni DHIS2, ni programu huria. Yeyote anaweza kuichukua na kuirekebisha bila kulipia leseni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kuiendeleza na kuizoesha mazingira ya hapa, na katika nusu ya kwanza ya muongo wa 2010 ikasambazwa katika wilaya zote za Tanzania. Mkongo wa baharini uliotua Dar es Salaam mwaka 2009 ulikuwa umekwisha kuifanya intaneti kuwa nafuu na yenye kasi kuliko ile ya setilaiti. Wilaya zikaweza kuingiza takwimu moja kwa moja kwenye seva ya taifa. Taarifa ambazo zamani zilichukua miezi kufika wizarani zikaanza kufika kwa siku chache.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka bila mtu yeyote kukusudia. Kadiri njia ya kupanda ilivyolainika, ndivyo walioko juu walivyozidi kuuliza. Kila mpango mpya ulihitaji kiashiria kipya, kila kiashiria kilihitaji safu mpya katika fomu, na kila safu ilijazwa na mkono uleule. Mfumo uliobuniwa ili wilaya na kituo vijitambue ukawa, katika matumizi ya kila siku, mfumo wa kutoa ripoti. Michoro ya ukutani ilififia. Palipoletwa kompyuta au vishikwambi hadi kituoni, mara nyingi vitabu vya karatasi havikuondolewa, kwa hofu ya umeme kukatika na kwa sababu wakaguzi bado wanavitaka. Mgonjwa mmoja huandikwa kitabuni, huandikwa kwenye kishikwambi, kisha huhesabiwa tena mwisho wa mwezi. Teknolojia iliyoahidi kupunguza kazi imeiongeza, na muda unaoliwa ni wa mtu yule ambaye zahanati inamtegemea kwa kila jambo.

Kuna wanaosema kwamba huo ni usumbufu tu, na kwamba usumbufu huvumiliwa alimradi Taifa linapata picha sahihi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama usahihi na marejesho vingekuwa mambo mawili tofauti. Muheza yenyewe inaonyesha kuwa havitenganiki.

Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu katika Wilaya ya Muheza watu 279,423. Sensa ya mwaka 2012 ikahesabu 204,461. Mtaalamu aliye mbali, akizitazama tarakimu hizo mbili kwenye kioo cha kompyuta, ataona wilaya iliyopoteza watu karibu 75,000 katika miaka kumi. Anaweza kuanza kutafuta sababu za kisomi: kuporomoka kwa mkonge, vijana kukimbilia mijini, maradhi. Mzee yeyote wa sokoni Muheza, akiwa ameketi na tenga lake la machungwa, angemjibu kwa sentensi moja kwamba upande wa kaskazini ulikatwa ukawa Wilaya ya Mkinga. Mkinga ilihesabiwa mwaka 2012 kuwa na watu 118,065. Zikijumlishwa wilaya mbili, eneo lilelile la zamani lilikuwa na watu 322,526. Hawakupungua, waliongezeka kwa zaidi ya 43,000.

Mfano huo ni mwepesi kwa sababu kugawanywa kwa wilaya ni jambo linalojulikana, na mtakwimu makini hawezi kunaswa nalo. Lakini ndani ya hesabu za afya umo mtego wa namna hiyohiyo, mdogo na usioonekana, katika kila kijiji. Kiwango cha chanjo hupatikana kwa kuigawa idadi ya watoto waliochanjwa kwa idadi lengwa, yaani watoto wanaokadiriwa kuwapo. Waliochanjwa huhesabiwa na muuguzi. Idadi lengwa hukadiriwa kutokana na sensa na kushushwa kutoka juu. Kijiji kikigawanyika, kambi ya shamba ikifungwa, au wazazi wa ng'ambo ya mto wakiona zahanati hii iko karibu kuliko yao, makadirio hupotoka. Zahanati moja huonekana imechanja asilimia 130 ya watoto wake, na jirani yake asilimia 60. Huko juu, ya kwanza itasifiwa au itashukiwa kudanganya, na ya pili itakaripiwa. Kumbe ni watoto walewale, wamevuka mto tu.

Anayejua kwamba wamevuka mto ni muuguzi. Hata hivyo, kwa kuwa asilimia ile haimrudii, hana nafasi ya kuisahihisha. Kosa lake la kuandika nalo, kama lipo, hubaki kwenye seva bila mtu wa kulibaini, kwa maana tarakimu isiyotazamwa na anayelijua jambo haina mhariri. Walioko mbali hujaribu kuliziba pengo hilo kwa kaguzi, kwa semina, na kwa programu zinazowasha rangi nyekundu tarakimu isipolingana na ya mwezi uliopita. Yote hayo yana manufaa yake, na yote ni ghali kuliko kumuonyesha muuguzi grafu na kumuuliza, "Dada, hapa mwezi wa Mei kulikuwa na nini?"

Wastani wa wilaya nao huficha mengi. Muheza ina nyanda za chini ambako malaria imekuwa kali tangu siku za Bagster Wilson, na ina vijiji vya milimani ambako baridi humpunguza mbu na vimelea vyake. Kiwango kimoja cha malaria kwa wilaya nzima hakiielezi Kigombe wala Zirai. Kinaelezea mahali pasipokuwapo, pa katikati, ambapo hakuna mtu anayeishi. Kwa Dodoma wastani huo unatosha kugawa fedha. Kwa mganga mfawidhi anayepanga vipimo vingapi vya malaria aagize kabla ya masika, hautoshi hata kidogo.

Itakuwa si haki kudai kwamba takwimu hazijapata kurudi kamwe. Mwaka 2009, katika wilaya tatu za Tanzania, yaani Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, lilifanyika jaribio lililoitwa SMS for Life. Kila wiki ujumbe mfupi wa simu ulitumwa kwa wahudumu wa vituo 129 ukiuliza kituo kina dawa mseto kiasi gani na sindano za kwinini ngapi. Mhudumu alijibu kwa simu yake mwenyewe, bila gharama, na aliyejibu kwa wakati alizawadiwa muda wa maongezi. Majibu yalionekana wilayani papo hapo, kituo kwa kituo. Mganga mkuu wa wilaya akiona kituo kimoja kimeishiwa na jirani yake ana akiba, alihamisha maboksi. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimekosa aina moja au zaidi ya dawa hizo. Kufikia wiki ya 21 vilivyokosa vilikuwa asilimia 26.

Inafaa kutafakari kwa nini jaribio lile lilifaulu, kwa sababu jibu halipatikani katika ubora wa vyombo. Simu zilikuwa zile za kawaida za vitufe. Maswali yalikuwa machache mno. Lakini aliyejibu swali Alhamisi aliweza kuona boksi la dawa likishushwa mlangoni pake siku chache baadaye. Hakuhitaji semina ya kumfundisha umuhimu wa takwimu. Zaidi ya hapo, mwenye kuziona takwimu alikuwa na uwezo wa kutenda jambo: alikuwa na gari, na alikuwa na mamlaka ya kuhamisha dawa. Mifumo mingi iliyofuata ilirithi simu na kompyuta za jaribio lile, na ikaliacha boksi.

Muheza nayo ina kisa chake cha habari iliyorudi, ingawa kwa njia ndefu. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi tisa za Afrika vilivyolinganisha sindano ya atesuneti na ile ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali. Watoto 5,425 walihusishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba walifariki asilimia 8.5 ya waliopewa atesuneti, ikilinganishwa na asilimia 10.9 ya waliopewa kwinini. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza atesuneti kwa watoto pia. Kwa hiyo kumbukumbu zilizojazwa kando ya vitanda vya Muheza zilikwenda Ulaya, zikajumlishwa na za wengine, zikarudi zikiwa dawa. Hilo ni jambo kubwa, na wazazi walioridhia watoto wao wahusishwe wanastahili kulijua. Lakini utafiti huo ulikuwa na fedha, wataalamu na swali moja lililo wazi. Vitabu vya MTUHA vina maswali mengi, na hakuna kati yake ambalo muuguzi ameambiwa kuwa ni lake.

Kinachohitajika sasa si mfumo mwingine, wala si kuivunja DHIS2, ambayo tayari ina kila inachohitaji ili kutoa taarifa kwa kituo kimojakimoja. Kinachohitajika ni wajibu mpya: kila fomu inayopanda izae ukurasa mmoja unaoshuka. Ukurasa huo uwe wa Kiswahili, wa kituo hicho na si wa wilaya, uonyeshe mambo matano au sita tu kwa miezi kumi na miwili iliyopita, na uwe na nafasi tupu chini ambayo mganga mfawidhi ataandika kile ambacho kompyuta haiwezi kukijua: mafuriko, mgomo wa usafiri, kambi iliyofungwa, daftari lililoloa. Na pasiwepo kiashiria kipya kinachoongezwa kwenye fomu kabla cha zamani hakijafutwa. Watakaoupinga utaratibu huu zaidi huenda wakawa wafadhili wa miradi, kwa kuwa kila mmoja hukiona kiashiria chake kuwa kidogo. Ni kweli ni kidogo. Hata unyasi mmoja ni mwepesi, mpaka ujumlishwe na wa wenzake ukawa mzigo kichwani mwa mtu mmoja.

Zamani hoja kama hii ingeweza kupingwa kwa kusema kwamba zahanati haina fedha wala uamuzi, hivyo takwimu zitaifaa nini? Tangu mwaka wa fedha 2017/18 pingamizi hilo limepungua nguvu. Fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja katika akaunti za vituo, vituo hupanga mipango yao, na kamati za usimamizi wa vituo, zenye wajumbe kutoka vijijini, huketi kuidhinisha matumizi. Kamati hizo zinaamua kununua nini kwanza. Kuamua bila kuona idadi ya wajawazito waliokuja mapema na waliochelewa, au miezi ambayo vipimo viliisha, ni kuamua kwa kubahatisha. Hao ndio wasomaji wa kwanza wa ukurasa ule, na baada yao ni mkutano wa kijiji.

Lipo pingamizi jingine, zito zaidi, nalo ni siri ya mgonjwa. Tarakimu zilizokuwa majumuisho sasa zinageuka kuwa kumbukumbu za mtu mmojammoja ndani ya mifumo ya kielektroniki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inafaa iwe hivyo. Hata majumuisho si salama daima. Mjini Dar es Salaam, "mgonjwa mmoja" ni tarakimu. Katika kitongoji cha kaya hamsini, "mjamzito mmoja aliyekutwa na virusi" ni jina kamili, na jioni ileile litakuwa limefika kisimani. Kwa hiyo mambo yenye idadi ndogo yasiandikwe kwenye ukurasa wa ukutani, na yale yanayogusa heshima ya mtu yabaki kwa mganga mfawidhi peke yake. Tahadhari hiyo inawezekana. Kuigeuza kuwa kisingizio cha kutorudisha chochote, wakati tarakimu zilezile zinavuka mipaka ya nchi kila mwezi, ni kumlinda mwanakijiji dhidi ya habari zake mwenyewe.

Vyuo vya tiba vina sehemu yao hapa. Mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kusoma picha ya mapafu, kisha hutumwa vijijini kwa mafunzo ya vitendo akiwa hajapata kuisoma fomu ya majumuisho kama ishara ya ugonjwa wa jamii. Kwa wiki chache anazokaa wilayani angeweza kuchukua takwimu za zahanati moja, kuketi na muuguzi wake, na kuuliza kila palipo na mlima au bonde kwenye grafu kulitokea nini. Atajifunza elimu ya magonjwa ya jamii kwa undani kuliko darasani, na zahanati itapata walau mara moja mtu aliyezisoma hesabu zake mpaka mwisho. Watafiti nao, wa Ubwari na kwingineko, wanaweza kuliweka katika makubaliano yao ya utafiti: muhtasari wa matokeo kwa Kiswahili, usomwe katika kijiji kilichotoa damu, kabla au sambamba na kuchapishwa kwake.

Gharama ya haya yote si kubwa. Ofisi ya wilaya inayo kompyuta na mashine ya kuchapa. Usafiri nao upo. Gari linalosambaza chanjo hutoka mjini Muheza likiwa na maboksi ya barafu, likapanda barabara ya Amani yenye kona na matope, likashuka upande wa pwani, na kusimama mlangoni mwa kila zahanati ambayo takwimu zake ziko wilayani. Ndani yake, pembeni mwa boksi la chanjo, kuna nafasi ya bahasha.